Visiwa vya baridi na wageni wao: maswali ninayoulizwa hapa Goma

Nafundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari hapa Goma. Siku moja nilichora ubaoni kifaranga wa albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, aliyetafunwa ngozi ya kichwa na panya, nikawaambia wanafunzi kwamba mambo hayo yanatokea kusini ya Afrika yetu, kwenye kisiwa kisicho na hata mti mmoja. Tangu siku hiyo maswali hayajakatika. Naulizwa darasani, naulizwa na motari, dereva wa pikipiki, aliyenibeba kutoka Birere, naulizwa na jirani yangu Mama Neema tukiwa kwenye foleni ya maji. Nimeyaandika hapa ili nisirudie jambo moja mara mia. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine yananipa hamu ya kuongea, mtanivumilia.

Ni visiwa gani hivyo?

Chukua ramani. Weka kidole Moshi, chini ya Kilimanjaro, kisha shuka kusini moja kwa moja. Utapita Msumbiji, utaingia baharini, utaiacha Madagaska mkono wa kushoto, utaendelea mpaka uchoke. Karibu na nyuzi 47 kusini utakutana na kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini. Kutoka Goma ni zaidi ya kilomita 5,000. Ukielekea mashariki kuna Crozet na Kerguelen vya Ufaransa, halafu Heard na Macquarie vya Australia. Upande wa Atlantiki kuna Gough na South Georgia, vinavyotawaliwa na Uingereza.

Marion ni volkeno kama milima yetu, mawe meusi kila mahali, wastani wa joto nyuzi 6 hivi, mvua, na upepo usiolala. Aliyewahi kulala kwenye vibanda vya juu ya Nyiragongo, volkeno yetu ya hapa Goma, anaijua baridi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tulishuka asubuhi.

Kuna watu wanaoishi huko?

Wenyeji hakuna. Marion kina kama kilomita za mraba 290, ukubwa unaokaribiana na wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Lakini Idjwi ina watu laki kadhaa, na mananasi na migomba mpaka ukingoni mwa maji. Marion kina kituo kimoja cha utafiti, watu kama ishirini wanaokaa mwaka mzima, na meli inayokuja kuwabadilisha mara moja kwa mwaka.

"Spishi vamizi" ni nini hasa? Na sambaza je?

Mgeni ni mmea au mnyama aliyepelekwa na binadamu mahali ambapo peke yake asingefika. Wageni wengi hawana shida. Anaitwa mvamizi pale anapozaana bila wa kumzuia, akawamaliza wenyeji au akaharibu mahali penyewe.

Swali la sambaza linafuata hapo hapo, kila mara. Ndiyo, sambaza, yule samaki mdogo wa Ziwa Kivu, ni mgeni. Alitolewa Ziwa Tanganyika akamwagwa Kivu mwaka 1959, kwa sababu katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Leo, jioni mitumbwi ile iliyofungwa mitatu mitatu inapotoka na taa zake, ni yeye inayemfuata. Alipofika, kiroboto-maji mkubwa aliyekuwa akielea ziwani alitoweka. Aliliwa akaisha. Kwa hiyo ni mvamizi au si mvamizi? Mimi nakula sambaza na bugali mara tatu kwa wiki, siwezi kuwa hakimu. Nitasema tu kwamba katikati ya Kivu palikuwa na kiti kitupu. Kule Marion panya alipofika, viti vyote vilikuwa na wenyewe.

Hao wanyama walifikaje mbali namna hiyo?

Kwa meli, wote. Wengine walijificha kwenye shehena, kama panya walioshuka na wawindaji wa sili mwanzoni mwa karne ya 19. Wengine walipelekwa kwa makusudi wawe chakula. Sungura wa Kerguelen walipelekwa mwaka 1874 na Waingereza waliokwenda kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Zuhura ilipita kwa saa chache, sungura wapo mpaka leo. South Georgia kilipelekewa kulungu wa nchi za baridi mwaka 1911 na Wanorwe waliokuwa wakivua nyangumi, ili wapate nyama na mchezo wa kuwinda. Kuna hata mbawakawa mmoja aliyeingia Kerguelen mwaka 1913 ndani ya majani ya kulishia kondoo, na sasa anawala wadudu wenyeji.

Kwa nini wasilete paka wawale panya?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya nyumbani kwangu. Panya walikuwa wanatoboa mfuko wa maharage, nikatafuta paka. Wiki ya kwanza nilimsifu mbele ya kila mtu. Wiki ya pili Mama Neema akabisha hodi akiwa na manyoya ya kifaranga mkononi. Hakusema kitu. Aliyaweka juu ya meza, akakaa, akanitazama. Nikalipa vifaranga vinne. Panya nao waliendelea na maharage.

Ya pili ni ya Marion. Mwaka 1949 watu wa kituo walipeleka paka watano wawasaidie na panya. Kufikia miaka ya 1970 paka walikuwa zaidi ya 2,000, na ilikadiriwa kwamba wanaua ndege wa baharini kama 450,000 kila mwaka, hasa wale wadogo wanaotaga kwenye mashimo ardhini. Mwaka 1977 waliachiwa virusi vya ugonjwa wa paka. Virusi vikaua wengi, ila si wote. Ikabidi watu watoke usiku na bunduki na taa, msimu baada ya msimu, na kutega mitego, mpaka paka wa mwisho akapatikana mwaka 1991. Miaka 42 kwa kosa la paka watano. Na panya? Hawakuondoka hata siku moja. Paka alikuwa na kifaranga mnono aliyekaa kimya shimoni, angehangaika na panya wa nini?

Panya mdogo vile anamuuaje ndege mwenye mabawa ya mita tatu?

Wanafunzi hawaamini mpaka waone picha. Tunaongea juu ya panya mdogo wa nyumbani, huyu huyu wa jikoni kwako, na albatrosi mkubwa ambaye mabawa yake yakifunguliwa yanazidi mita 3.

Panya huja usiku, wengi, wanamtafuna kifaranga kidogo kidogo, mgongoni au kichwani, kwa usiku kadhaa. Kifaranga hakimbii. Hapigi hata mdomo. Ukoo wake wote umeishi mahali ambapo hakuna mnyama wa nchi kavu wa kumla, hivyo hajui kwamba kinachomgusa ni adui. Anakaa kwenye kiota miezi kama tisa, kipindi chote cha baridi, akiwasubiri wazazi walete chakula kutoka baharini. Mwishowe vidonda vinamuua.

Kule Marion vifaranga wenye majeraha walianza kuonekana mwaka 2003. Mwaka 2023 wakapatikana na ndege wakubwa, wazazi, waliouawa vile vile. Albatrosi huyu hutaga yai moja kila baada ya miaka miwili, na karibu robo ya jamii yake yote duniani huzalia Marion. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa mabadiliko ya tabianchi yanaingia wapi? Hayo si mambo ya panya tu?

Watu wengi wanayaweka kwenye vikapu viwili, joto huku, panya kule. Mimi naona ni kikapu kimoja.

Katika visiwa hivi baridi ndiyo iliyokuwa mlinzi wa mlango. Meli zilishusha wageni miaka mia mbili, lakini baridi iliwaua wengine na waliobaki iliwapunguza kila mwaka. Panya wa Marion walizaana majira ya joto, kisha baridi ikaja kuchukua kodi yake. Kati ya 1969 na 1999 joto la kisiwa lilipanda kama nyuzi 1.2 na mvua ikapungua. Kwa mtu wa Goma nyuzi moja si kitu, tunavaa shati lile lile. Kwa panya ni wiki kadhaa zaidi za kuzaa na usiku mchache zaidi wa kufa. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 hadi karibu 2010, idadi yao ya kilele iliongezeka zaidi ya mara nne.

Midomo hiyo yote inataka kula. Wakala minyoo, wakala viwavi wa nondo asiyeruka, ambao kazi yao ni kuozesha majani makavu yawe udongo. Wadudu wakapungua vibaya sana. Njaa ya majira ya baridi ikawakuta panya wengi na chakula kidogo, na pale pembeni kuna nyama ya kilo kumi iliyokaa kwenye kiota bila kujitetea. Joto lenyewe halikumgusa albatrosi. Lilipitia tumboni mwa panya.

Mfano mwingine ni inzi wa Kerguelen. Inzi mwenyeji wa huko hana mabawa. Upepo wa kule ungempeperusha baharini, kwa hiyo anatembea, na anaishi kwa mizoga na uozo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akafanikiwa kukaa huko inzi wa buluu wa Ulaya, ndugu wa wale wanaozingira nyama sokoni. Zamani baridi isingemwachia amalize kukua kutoka yai hadi inzi. Sasa anamaliza. Mzoga ukipatikana, mwenye mabawa anafika kwanza na kujaza mayai yake, na yule wa miguu anakuta meza imeshafutwa.

Barafu ikiyeyuka, si ardhi inaongezeka? Hiyo si faida?

Ardhi inaongezeka, kweli. Swali ni nani atakayeikalia.

Nendeni kwenye lava ya Nyiragongo ya 2002, pale ambapo haijajengewa. Mwanzo lilikuwa jiwe tupu. Kisha ukaja ukoga ule wa kijivu kama majivu, halafu kangaga kwenye nyufa, halafu kila kitu kilicholetwa na upepo, viatu na matairi ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao. Heard nacho ni volkeno, tena imefunikwa barafu inayorudi nyuma. Hakina panya wala sungura, jambo la nadra, lakini jani moja la kigeni la jamii ya nyasi lilishafika, nalo linapenda ardhi mpya kuliko mimea ya zamani ya huko.

South Georgia kisa chake kilikuwa cha kutisha zaidi. Mito mikubwa ya barafu inateremka kutoka milimani hadi baharini, na ilikuwa inakigawa kisiwa vipande vipande kama kuta za nyumba. Panya wakubwa wa chumba hiki hawakuweza kuvuka kwenda chumba kile. Barafu ikaanza kurudi nyuma, kuta zikafupika, na watu wakaona kwamba wakichelewa panya wote watakuwa kwenye sebule moja. Wakafanya haraka. Walitumia helikopta kumwaga chambo chenye sumu chumba baada ya chumba, mwaka 2011, 2013 na 2015. Mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa hakina panya, baada ya mbwa wa kunusa kukizunguka bila kupata kitu. Ndege mdogo anayeimba, asiyepatikana popote pengine duniani, alirudi kuzaa mahali ambapo alikuwa ameshafukuzwa.

Yaani barafu ile ile iliyokuwa inakufa ndiyo iliyowapa nafasi ya kufanya kazi kwa awamu. Miaka ishirini baadaye huenda nafasi hiyo isingekuwepo.

Sumu ya helikopta haiui na ndege?

Inaua. Nisiwadanganye. Ni sumu inayozuia damu kuganda, na ndege wanaokula mizoga wakimla panya aliyekufa nao hufa. Kule Macquarie zaidi ya ndege 2,000 walikufa kwa njia hiyo. Waliofanya kazi hiyo walilijua hilo wakapima: hasara ya msimu mmoja au miwili, au hasara ya kila mwaka bila mwisho. Huko Gough, mwaka 2021, waliwakamata kwanza baadhi ya ndege wenyeji wakawafungia kwenye mabanda mpaka sumu iishe nguvu.

Na Gough ilishindikana. Desemba ya mwaka huo huo panya mmoja alionekana. Kisiwa kizima kilimwagiwa chambo, fedha nyingi sana zilitumika, lakini wachache walibaki, na panya hawahitaji zaidi ya jike mmoja na dume mmoja. Hesabu ya kazi hii ni mia kwa mia au sifuri.

Kwani kumwondoa mvamizi mmoja hakusaidii?

Wakati mwingine inakuwa mbaya zaidi. Macquarie kilikuwa na paka, sungura, panya wakubwa na panya wadogo. Paka waliondolewa kufikia mwaka 2000. Wakati huo huo ugonjwa uliokuwa ukiletwa ili kupunguza sungura ulikuwa unapoteza makali. Sungura wakafumuka, wakakata majani ya miteremko mpaka udongo ukabaki uchi. Mwaka 2006 mvua kubwa ikanyesha na mteremko ukaporomokea pengwini waliokuwa chini. Watu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa hapo: mlima ukinyolewa, mvua huja kuuchukua.

Baadaye waliwaondoa wote watatu waliobaki kwa mpigo, na mwaka 2014 Macquarie kikatangazwa safi. Mimea yenye majani makubwa imerudi. Lakini kuna mmea mwingine wa huko, unaoota kama mto wa kulalia, ambao ulianza kukauka na kufa kwa sababu upepo na ukavu umeongezeka. Huo haukurudi kwa kuondoka kwa sungura.

Wanawazuiaje wageni wapya?

Kwa kupekua viatu na mifuko. Hapa nina ushahidi wangu mwenyewe. Kabla ya mlipuko wa 2021 tulipanda Nyiragongo na wanafunzi, tukaanzia Kibati. Tulipofika juu, karibu mita 3,470, nilikaa chini nivue soksi zilizolowa. Zilikuwa zimejaa kishona nguo, zile sindano nyeusi zenye meno mawili. Nilihesabu mpaka thelathini na kitu, nikachoka. Mmea huo wenyewe asili yake ni Amerika, na mimi nilikuwa nimeupandisha hadi kwenye mdomo wa volkeno kwa miguu yangu, bila nauli. Nilizikusanya kwenye karatasi nikazirudisha chini. Za wanafunzi sikuzipekua zote.

Watafiti walipowapekua watu waliokuwa wanakwenda bara la Antaktika msimu wa 2007 na 2008, walikuta wastani wa mbegu 9 na nusu kwa kila msafiri aliyebeba mbegu. Ndiyo maana anayekwenda Marion hupitishiwa mashine ya kunyonya vumbi mifukoni, kwenye velkro na ndani ya soli za viatu. Na kisiwa jirani, Prince Edward, kilomita kama 20 tu kutoka Marion, hakina panya. Watu wanaruhusiwa kukanyaga huko mara chache sana, na hiyo ndiyo dawa yake yote.

Marion itasafishwa lini?

Afrika Kusini, serikali pamoja na shirika la BirdLife South Africa, ina mpango wa kumwaga tani kama 600 za chambo kwa helikopta, wakati wa baridi ambapo panya wana njaa na ndege wengi hawapo. Tarehe imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Fedha inachangwa, hata na watu binafsi wanaolipia hekta moja moja.

Mwalimu, sisi tuna vita, tuna njaa, tuna volkeno. Pengwini wanatuhusu nini?

Motari ndiye aliyeniuliza hivi, na aliniuliza kwa heshima. Sikumwambia kwamba inamhusu. Nilimwambia tu kwamba visiwa vya baridi na sisi tunavyo, ila bahari yetu ni hewa ya joto. Kilele cha mlima ni kisiwa. Juu ya Ruwenzori, unapopandia Mutwanga, kuna mimea iitwayo lobelia inayomzidi mtu urefu na barafu ya kweli, hapa hapa kwenye mstari wa ikweta. Mwaka 1906 barafu hiyo ilifunika karibu kilomita za mraba 6 na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki kama moja. Mimea ya chini joto likizidi inaweza kupanda. Lobelia ya juu kabisa itapanda kwenda wapi?

Akafikiri kidogo mpaka tukafika Ndosho. Akaniambia mia tano zaidi, kwa sababu barabara ni mbaya.

Na yule paka wako?

Yupo. Tunamfungia ndani mchana. Mama Neema akitoka sokoni humwachia vichwa vya sambaza mlangoni, anasema ni bei rahisi kuliko vifaranga.